Unyevu Ukutani: Mpangaji, Mwenye Nyumba na Sheria za Nchi Jirani



Mvua zikianza kunyesha mfululizo, hufika katika vituo vya polisi mashauri ya namna moja. Mwenye nyumba ametia kufuli mlangoni, na vyombo vya mpangaji viko nje vinanyeshewa. Akiulizwa, mwenye nyumba hujibu kwamba hajalipwa kodi ya miezi miwili. Mpangaji naye hujibu kwamba amezuia kodi kwa sababu ukuta wa chumba unatoa maji, godoro limeota ukungu, na mtoto anakohoa usiku kucha. Mwenye nyumba husema ukuta wake ni mzima, ila mpangaji ndiye anayepikia ndani na kufunga madirisha. Askari wa zamu, ambaye pengine naye amepanga chumba cha namna hiyohiyo mtaa wa pili, hutazamiwa aamue papo hapo ni nani msema kweli.

Katika maelezo yetu ya leo tutaeleza asili ya ugomvi huo, maana ni wa zamani kuliko mipaka ya nchi zetu. Utaonekana kuwa kwa muda mrefu sana sheria ilijua kulinda kodi ya nyumba na kulinda mlango, lakini ukuta wenyewe haikuujali. Na hata ilipoanza kuujali, aliyehojiwa kwanza alikuwa mpangaji: unapikaje, unafuaje, unaogaje, hata unapumuaje.

Kabla ya kuingia katika historia, afadhali tuelewane juu ya unyevu wenyewe, kwa sababu uko wa namna tatu na kila mmoja una mwenye kuulizwa wake. Wa kwanza hutoka juu: bati limetoboka au mfereji wa paa umeziba, na alama yake huanza darini ikashuka. Wa pili hutoka chini: fundi alijenga ukuta juu ya msingi bila kutandika karatasi ya lami au kizuizi kingine, kwa hiyo matofali hunywa maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta. Alama yake huonekana sehemu ya chini ya ukuta, lipu ikibambuka na kuacha unga mweupe wa chumvichumvi. Wa tatu ndio wenye fitina. Huo hautoki juu wala chini. Hutoka katika hewa ya chumbani. Askari aliyewahi kulala katika hema mahali pa baridi anaufahamu, maana alfajiri huona matone yamening'inia ndani ya turubai ingawa mvua haikunyesha. Ni mvuke wa pumzi na wa chai uliogusa kitu cha baridi ukageuka maji. Wale wanaoishi katika nyumba za bati za mviringo wanayajua matone hayo bila kufundishwa na mtu.

Katika Kabale, Limuru au Njombe, ambako usiku ni baridi, chumba chenye ukuta mwembamba na dirisha dogo hutokwa jasho la namna hiyo. Ukungu mweusi huota pembeni, nyuma ya kabati, na katika nguo zilizokunjwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 juu ya unyevu na ukungu majumbani, lilieleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo wamo zaidi katika hatari ya maradhi ya kifua na pumu. Kwa hiyo hatuzungumzii uchafu wa rangi tu.

Sasa tuiendee sheria. Kenya, Uganda na Tanzania Bara zina sheria zilizozaliwa na mama mmoja. Wakoloni Waingereza walipoingiza sheria zao, waliweka tarehe maalum: kwa Kenya ni tarehe 12 Agosti 1897, kwa Uganda tarehe 11 Agosti 1902, na kwa Tanganyika tarehe 22 Julai 1920. Kanuni zilizoamuliwa na mahakama za Uingereza hata siku hizo zilipakiwa katika meli pamoja na mizigo mingine, zikateremshwa kwetu. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kujua kwa nini mpangaji wa Kampala au Nairobi alikuwa mnyonge mbele ya ukuta wake hana budi kuanzia Uingereza, katika mwaka 1843.

Mwaka huo mahakama ilisikiliza shauri la nyumba iliyopangishwa pamoja na vyombo vyake katika mji wa Brighton. Familia iliyopanga kwa wiki chache ilikuta vitanda vimejaa kunguni, ikahama. Mwenye nyumba alidai kodi yote. Majaji walimwambia hapana, kwani anayepangisha nyumba yenye vitanda anaahidi kwamba mtu anaweza kukaa humo. Wapangaji walishangilia mapema mno. Muda mfupi baadaye lilikuja shauri la nyumba tupu isiyo na vyombo, nayo pia ilikuwa na kunguni. Safari hii majaji waliamua kwamba anayepangisha nyumba tupu haahidi lolote kuhusu afya yake. Mpangaji ana macho, basi aitazame kabla ya kutia sahihi. Kwa kuwa maskini wengi hupanga vyumba vitupu na kuja na mkeka wao, hukumu hiyo ya pili ndiyo iliyowahusu, na ndiyo iliyosafiri hadi kwetu.

Huko kwao Waingereza walianza kuirekebisha mwaka 1885. Tume ya Kifalme ilikuwa imechunguza makazi ya wafanyakazi, na Bunge likapitisha sheria kwamba nyumba inayopangishwa kwa kodi ndogo ihesabiwe kuwa imeahidiwa kufaa kukaliwa na binadamu. Maneno hayo, “kufaa kukaliwa na binadamu”, yatarudi tena mbele. Ila wasikilizaji wayaangalie yale mengine, “kwa kodi ndogo”, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuja kuyanyonga ya kwanza.

Hapa naomba ruhusa ya kutua kidogo katika mji wa Glasgow, Uskoti, mwaka 1915, maana kisa hicho kinawagusa askari moja kwa moja. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepamba moto. Wanaume walikuwa katika mahandaki ya Ufaransa, na maelfu ya wafanyakazi walimiminika Glasgow kuunda meli na zana za vita. Wenye nyumba waliona neema, wakapandisha kodi. Waliokutwa nyumbani ni wanawake, wengi wao wake na mama wa askari walioko vitani, na wengine walitishwa kutolewa nje kwa sababu ya madeni madogo. Fikiri, ndugu askari, uko mstari wa mbele, nawe unapokea barua kwamba tarishi wa mahakama amefika kutoa kitanda chako barabarani.

Wanawake wa Glasgow, na mashuhuri miongoni mwao ni Mary Barbour wa mtaa wa Govan, walikataa kulipa nyongeza. Kila jengo liliweka mlinzi. Tarishi akionekana kengele ilipigwa, na wanawake waliacha masufuria jikoni wakaziba ngazi hata asipate pa kupita. Wengine walimrushia unga. Tarehe 17 Novemba 1915 wafanyakazi 18 wa viwanda vya zana za vita walifikishwa mahakamani kwa kukataa kulipa nyongeza hiyo. Umati wa maelfu ya watu ulikusanyika nje, nao wafanyakazi wa viwandani walitishia kuacha kazi. Serikali iliyokuwa ikihitaji mizinga kila siku haikuweza kustahimili hayo. Mashtaka yaliondolewa, na kabla mwaka haujaisha Bunge lilipitisha sheria iliyorudisha kodi za nyumba za wenye kipato kidogo kuwa kama zilivyokuwa Agosti 1914, vita vilipoanza.

Sheria hiyo ya 1915 ndiyo babu wa sheria zote za kuzuia kodi zilizowekwa baadaye katika makoloni, zikiwamo za Afrika Mashariki. Huku nako hazikuja kwa hisani. Wafanyakazi wa Mombasa, makuli wa bandarini wakiwamo, waligoma katika Julai na Agosti 1939, na ukali wa kodi za vyumba ulikuwa miongoni mwa manung'uniko yao makubwa. Lakini tazama babu huyo alivyokuwa na jicho moja. Alizuia kodi isipande, na alizuia mpangaji asitupwe nje ovyo. Kuhusu maji yanayotiririka ukutani hakuwa na la kusema. Na si siri kwamba mwenye nyumba aliyezuiwa kupandisha kodi hakuwa na haraka ya kununua bati jipya.

Vita vilipokwisha mwaka 1918, Waziri Mkuu Lloyd George aliwaahidi askari wanaorejea nchi inayowafaa mashujaa, na mwaka 1919 ikatoka sheria ya kujenga nyumba za halmashauri za miji. Zilijengwa zaidi ya laki mbili kabla fedha hazijakatwa. Nyumba nyingi zilikuwa nzuri. Lakini desturi ya Serikali kuwa mwenye nyumba ilileta jambo jipya, nalo ni kwamba aliyepaswa kumshurutisha mwenye nyumba mbaya sasa alikuwa ndiye mwenye nyumba.

Jambo hilo lilidhihirika palepale Glasgow miaka 50 baadaye. Katika mtaa wa Gorbals halmashauri ilibomoa majengo ya zamani na kusimamisha maghorofa ya kisasa ya vipande vikubwa vya zege vilivyoundwa kiwandani. Wapangaji walihamia mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakifurahia bafu na maji ya moto. Baada ya muda mfupi kuta zililowa, mazulia yakaoza, nguo zikaota ukungu kabatini. Wenyeji waliyapa majengo hayo jina la utani lenye maana ya “ya majimaji”. Walipolalamika, maofisa wa nyumba waliwajibu kwamba unyevu ni wa mvuke wao wenyewe: wanapumua sana, wanachemsha birika, hawafungui madirisha. Watu wale walikuwa wakipumua katika vyumba vyao vya zamani pia, na hakuna aliyekuwa ameambiwa kuwa ni kosa. Waliunda kamati ya kupinga unyevu, wakapima, wakapiga picha, wengine wakazuia kodi, wakaenda mahakamani. Mwisho wake, mwaka 1987, majengo hayo yalibomolewa, hata miaka 20 hayakutimiza.

Mimi mwenyewe nilipoanza kazi ya uandishi nilipanga chumba ambacho kona yake ilikuwa nyeusi kama sufuria. Mwenye nyumba alinishauri nifungue dirisha. Dirisha lenyewe lilitazamana na ukuta wa jirani, na baina yao hupiti mkono. Nilipaka chokaa mara tatu kwa fedha zangu kabla ya kuelewa kwamba nilikuwa nikipaka chokaa juu ya maji.

Mahakama nazo ziliingia katika mtego uleule. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza shauri la mpangaji wa nyumba ya halmashauri huko Wales. Madirisha ya nyumba hiyo yalikuwa ya chuma kitupu, mvuke uligeuka maji kila majira ya baridi, na samani na matandiko yalioza. Majaji walikubali kwamba nyumba ilikuwa mbaya. Hata hivyo waliamua kwamba mpangaji hana dai la matengenezo, kwa kuwa hakuna kilichovunjika: ukuta ulikuwa vilevile kama ulivyojengwa, na madirisha vilevile kama yalivyotiwa. Kulingana na sheria, kutengeneza maana yake ni kurudisha kitu katika hali yake ya kwanza, na hali ya kwanza ya nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa ugonjwa wake. Mtu atauliza, na ile ahadi ya 1885 ya nyumba “kufaa kukaliwa na binadamu” ilikuwa wapi? Ilikuwamo sheriani, lakini imekufa. Ilihusu nyumba za kodi ndogo tu, na kiwango cha kodi kiliwekwa mara ya mwisho mwaka 1957: pauni 80 kwa mwaka katika London na pauni 52 kwingineko. Bei za vitu zilipanda, kiwango kikabaki palepale, hata haikupatikana nyumba ya kodi ndogo kiasi hicho. Bunge lilikuja kuifufua ahadi hiyo kwa sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika England mwezi Machi 2019.

Wakenya wasicheke. Sheria yao ya kuzuia kodi ya mwaka 1959, pamoja na baraza lake la kukadiria kodi halali, ilikuja kuwekewa kiwango cha shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba yenye kodi zaidi ya hapo haimo. Wakati kiwango hicho kinawekwa kilikuwa na maana. Leo nyumba ya familia Nairobi kwa fedha hizo itafute kwa tochi. Tarakimu ikiandikwa ndani ya sheria na kusahauliwa, hufanya kazi ya mchwa: nje mlango ni mzima, ndani hakuna ubao.

Kisa cha karibuni zaidi ni cha huzuni. Katika mji wa Rochdale, England, mtoto wa miaka miwili, mwana wa wazazi waliotoka Sudan, alifariki Desemba 2020. Wazazi walikuwa wamepanga nyumba ya shirika la nyumba, na baba alianza kulalamikia ukungu mwaka 2017. Aliambiwa apake rangi juu yake. Mwezi Novemba 2022 ofisa wa kuchunguza vifo alitamka kwamba mtoto aliuawa na maradhi ya kifua yaliyosababishwa na kukaa muda mrefu katika ukungu. Shirika lilikiri kwamba lilikuwa limekisia mambo juu ya mwenendo wa familia hiyo, hata namna yao ya kuoga. Ni swali lilelile la Gorbals, limeulizwa baada ya miaka 40 kwa wageni kutoka Afrika. Sheria ya mwaka 2023 ilipewa jina la mtoto huyo, Awaab, na kanuni zake zilianza tarehe 27 Oktoba 2025. Katika nyumba za mashirika na halmashauri za England, hatari ya dharura hushughulikiwa ndani ya saa 24, na unyevu mkubwa lazima uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Sheria hiyo haimngojei mpangaji athibitishe kwanza kwamba hapumui sana.

Turudi nyumbani. Nchi zetu tatu zimeitengua hukumu ya kunguni ya 1843, kila moja kwa wakati wake. Tanzania Bara ilitangulia kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Kenya ikafuata kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, na zote mbili zinatia katika mkataba wa nyumba ya kukaa ahadi kwamba inafaa kukaliwa tangu siku ya kwanza na itaendelea kufaa, hata kama mkataba wenyewe umenyamaza. Jengo likipangishwa kwa sehemu, kama yalivyo majengo yetu ya vyumba vingi, paa na kuta za nje ni juu ya mwenye jengo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imeongeza haki ya kila mtu kupata makazi yanayofaa. Uganda ilifika mwaka 2022 kwa Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji, iliyoifuta ile ya zamani ya kuzuia kodi. Sheria hiyo inataka nyumba ya kukaa iwe inafaa kwa binadamu, imeweka mpaka wa asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi, na inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama.

Lakini haki iliyo kitabuni huteguliwa na desturi. Tanzania Bara ilifuta sheria yake ya kuzuia kodi mwaka 2005, na katika Dar es Salaam wenye nyumba wengi wamezoea kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mpangaji aliyekwisha kutoa fedha za mwaka, akaona ukuta umelowa mwezi wa pili, ana haki iliyoandikwa na hana kamba ya kuivutia.

Vipi basi kuhusu kuzuia kodi, kama wanawake wa Glasgow? Wao walikuwa maelfu, na Serikali iliwahitaji waume zao na viwanda vyao. Mpangaji mmoja katika chumba kimoja akifanya hivyo, hujikuta yeye ndiye mshitakiwa, maana deni la kodi huthibitishwa kwa karatasi moja, na unyevu huhitaji fundi na daktari. Kinachomfaa ni barua ya malalamiko yenye tarehe na nakala yake, picha ya ukuta, cheti cha hospitali ikiwa mtoto ameugua, na ofisa wa afya kuitwa atazame. Sheria za afya ya umma, ya Kenya ya mwaka 1921 na ya Uganda ya mwaka 1935, zimempa ofisa huyo uwezo juu ya nyumba inayohatarisha afya tangu zamani, ingawa hutumiwa kwa nadra.

Na yule askari wa zamu tuliyemwacha kaunta? Si kazi yake kuamua ukuta umelowa kwa kosa la nani. Kazi yake ni kumwuliza mwenye nyumba iko wapi amri ya mahakama. Kama hana, kufuli hilo halina mamlaka nyuma yake, na askari akisimama kulilinda amejiingiza upande mmoja wa ugomvi. Kama anayo, ataisoma jina, tarehe na mhuri kabla ya kitanda cha mtu kutolewa mvuani.

Askari anayelala kambini hana mkataba wa kodi. Nyumba aliyopewa kwa ajili ya kazi si nyumba ya kupanga kwa maana ya kawaida, na malalamiko yake hupitia kwa mkuu wake. Lakini familia nyingi za askari ziko mitaani, katika vyumba vya kupanga, na mara nyingi mwenye jina katika mkataba yuko mbali mpakani. Aache nakala ya mkataba na risiti za kodi mikononi mwa mkewe, na kabla ya kuondoka ausukume ule ukuta wa nyuma ya kabati kwa kiganja, aone kama unarudisha maji.